Huntington: mwili ukikakamaa, dawa nayo ihojiwe

Wanaotetea dawa za saikosisi, yaani hali ya mtu kupoteza uhalisia, kwa wagonjwa wa Huntington, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo, wana hoja, tena nzito. Anayesikia sauti, au anayewaka hasira hadi kuwapiga watu wa nyumbani, haambiwi asubiri. Haloperidoli, risperidoni na olanzapini humtuliza, na hupunguza pia kule kuchezacheza kwa viungo. Olanzapini huongeza uzito, nao ni msaada, maana ugonjwa huu hukondesha. Dawa mbadala, tetrabenazini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2008 kwa ajili ya kuchezacheza huko, ina onyo la sonona na mawazo ya kujiua.

Hayo nayakubali. Wasiosikilizwa ni wauguzaji, wanaosema "amezidiwa tangu dozi iongezwe" wakajibiwa kwamba ndivyo ugonjwa ulivyo. Lakini Huntington hurithiwa, kila mtoto wa mgonjwa akiwa na uwezekano wa asilimia 50, na wengi wao wamekwisha kumuuguza babu au shangazi. Mwendo wake wanaujua: ni wa miaka. Mtu akikakamaa ndani ya wiki mbili, jeni si mshukiwa wa kwanza.

Dawa za saikosisi huziba vipokezi vya dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuendesha mwendo. Mwanzoni, viungo vinapocheza ovyo, hiyo ni nafuu. Baadaye ugonjwa wenyewe hugeuka: mwili hukaza, mwendo huwa mzito, kumeza kunakuwa kazi. Dozi ile ile sasa inamsukuma mgonjwa kule kule anakoelekea, na nimonia ya chakula kuingia mapafuni ni miongoni mwa vinavyowaua zaidi.

Linalonikera kuliko yote ni akathisia, yaani kushindwa kutulia kunakoletwa na dawa hizi. Mgonjwa anainuka kitini, anaketi, anainuka tena, anakanyagakanyaga papo hapo, anamfokea anayemzuia. Mwenye haraka ataandika "fadhaa imezidi" na kuongeza miligramu, yaani kuongeza kile kile kilichomtibua. Naye aliyekwisha kupoteza maneno atasemaje kwamba si hasira, ni miguu inayokataa kutulia? Na midomo ikianza kutafunatafuna baada ya miaka ya dawa, nani atatenganisha kazi ya dawa na ya Huntington?

Kuacha ghafla nako ni hatari: saikosisi yaweza kurudi, na viungo kucheza kuliko awali. Dozi ishushwe kidogo kidogo, daktari akisimamia. Sababu ya kuianzisha iandikwe siku ile ile, na tarehe ya kuipitia upya. Kama sababu ilikuwa viungo kucheza, na sasa havichezi, anayetaka dawa iendelee ndiye wa kujieleza, si mtoto wa mgonjwa anayeuliza.