Ampu Iliyompokea Bibi Harusi

Kabla hamjaendelea kutumiana ile voisi noti ya yaliyonikuta harusini, naomba nami nisikilizwe. Sikurushwa na shoti. Sikuangukia sinia la pilau. Na huyo mpiga ngoma za bongo wa bendi yetu anayeyaeneza hayo alikuwa wa kwanza kutoka mbio, kandambili akaziacha pale pale jukwaani, kwa hiyo mwisho wa mambo hakuuona. Niliyeuona ni mimi.

Ampu yangu, kile kikuza sauti cha gitaa, mnaijua: ndogo, ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti zikipata moto), nzito kuliko mzigo wowote ambao bodaboda wa Ngamiani hukubali kwa bei ya kawaida. Imetengenezwa Marekani kwa umeme wa volti 120, kwa hiyo inatembea na transfoma ya kushushia umeme wetu wa 230, kila mahali wawili wawili. Kwa muziki wa vurugu ni tamu, maana ukiongeza sauti kidogo tu inaanza kukwaruza. Lakini hapa ni Tanga, mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, gitaa la umeme kwenye taarabu limeshajenga heshima zamani. Huwezi kumkwaruzia mwimbaji kwenye beti zake. Dada yetu mwimbaji aliniambia mazoezini, mbele ya watu: "Mdogo wangu, gitaa lako lina mafua. Lipe dawa au likae nyumbani."

Nikalipa dawa. Valvu ya mwanzo ilikuwa 12AX7, ambayo ukuzaji wake ni 100. Nikaitoa, nikachomeka 12AU7, ambayo ni kama 20 hivi. Miguu ni ileile na soketi ni ileile. Ikatulia. Nikang'oa na kapasita moja, kidude cha kutunza umeme, kwenye hatua ya kwanza ya kukuza sauti, ikapoa zaidi. Mke wangu akasema sasa inasikika, nenda kalale.

Sikulala. Nilikuwa nimeshasoma habari ya kurudisha sauti nyuma. Unachukua waya kutoka upande wa spika wa transfoma ya kutolea sauti, unaupitisha kwenye rezista, kidude cha kupunguza umeme, unaurudisha hatua za nyuma. Sauti ikirudi ikiwa imegeuka, inapingana na makosa yake yenyewe, mkwaruzo unapungua. Ikirudi haijageuka, basi badala ya kujikosoa inajichochea, na ampu italia hata gitaa halijaguswa. Na trafo yangu hiyo ya kutolea sauti ilishawahi kubadilishwa na fundi fulani wa zamani, ambaye nyaya zake mbili alizifunga kwa namna aliyoijua yeye na Mola wake. Mchoro ulisema hivi, yeye alifanya vile. Nikauunga ule waya kwa risasi ya kuchomea, nikapuliza moshi, nikanyoosha mkono kuwasha nijaribu. Umeme ukakatika mtaa mzima. Ukarudi tumeshapakia vyombo.

(Wa shoti, njooni hapa kidogo. Mle ndani kapasita huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Nilizimaliza kwanza kwa rezista ndipo nikagusa. Ningepigwa na zile, leo mngekuwa mnasoma tanzia.)

Harusini sasa. Turubai limefungwa barabara nzima, kina mama wa upande wa mke wamevaa sare, jenereta linanguruma nyuma ya nyumba. Mshereheshaji anashika maiki: "Naomba ukimya, jamani, ukimya kabisa. Bibi harusi yuko mlangoni." Kiongozi wa bendi akanigeukia: washa, tunaanza na gitaa.

Nikawasha. Ampu ya valvu haiamki mara moja, lazima ipate moto kwanza. Nikaona vile vinyuzi vya ndani ya valvu vinaanza kuwa vyekundu, kisha rangi ya machungwa. Kimya. Bibi harusi hatua ya kwanza, somo wake kamshika mkono. Kimya. Hatua ya pili.

Ndipo kikaanza kitu chembamba, mbali, nikadhani ni maiki. Kikanenepa. Kikapanda. Jamani, kikapanda hadi kikawa mlio mmoja mpana kama honi ya meli inayoingia bandarini, tena isiyotafuta pumzi. Bibi harusi akasimama, mguu mmoja hewani. Mtoto akaanza kulia, akaonekana analia lakini hasikiki.

Nikarukia kitasa cha sauti, nikakizungusha hadi sifuri. Hakuna kilichobadilika, kwa sababu mzunguko wenyewe ulikuwa nyuma ya kitasa, sauti haikipiti tena. Nikachomoa waya wa gitaa. Inalia. Watu wananiona nimeshika waya mkononi, hauendi popote, na kitu kinalia. Mshereheshaji anafungua na kufunga mdomo. Nikaona hapa hakuna heshima ya kuokoa, nikavuta plagi kwenye ekstensheni, nikainyanyua juu watu wote waione.

Ikaendelea.

Kapasita bado zimeshiba, valvu bado zina moto. Sekunde chache tu, wataalamu mtaniambia, lakini nendeni nyie mkazisimamie sekunde hizo mbele ya wakwe, plagi mkononi. Mlio ukaanza kushuka, ukawa mzito, ukakoroma, ukafa. Kwenye ule ukimya bibi mmoja wa safu ya mbele akasema, taratibu kabisa, "Huyo wao kashatoka. Leteni ubani."

Na ubani ukaletwa. Nikafukiziwa mimi, ikafukizwa ampu, hata transfoma ya kushushia umeme ikapata fungu lake. Bibi harusi akarudishwa nje akaingia upya, kwa kodiani na fidla. Mimi nikapiga tambarini hadi usiku.

Kesho yake nikazibadilishia nafasi zile nyaya mbili za trafo, ndiyo kazi yote. Inatoa noti safi mpaka raha. Dada mwimbaji hajaja kuisikiliza, anasema anasubiri ubani ukolee. Ila vijana wanaoamsha watu daku wamekuja kuikodi, na kianzio wakatoa. Nikawaambia kwa furaha kwamba nimeshaitengeneza. Wakatazamana, wakaomba hela yao.