Nusu ya siku ni saa ngapi?

Nilikuwa kliniki namsomea mama mmoja dodoso la PHQ-9, lile la kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kwa maswali 9 kuhusu hali ya mtu wiki 2 zilizopita. Nikafika kwenye majibu ya kuchagua: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku.

"Zaidi ya nusu ya siku," akarudia. "Yaani tangu alfajiri mpaka saa nane mchana?"

Alisoma Kiswahili kama kilivyoandikwa. Siku moja ni siku, siku kumi ni siku, neno halibadiliki. Waliotunga dodoso walitaka siku 8 au zaidi kati ya 14, sisi tukamwuliza mama habari za saa. Na jibu hilo lina alama 2, wakati kizingiti kinachotumika sana cha kusema huenda mtu ana sonona ni alama 10 kati ya 27. Maswali matatu manne yakieleweka hivyo, mtu anavuka mstari au anaachwa nyuma kwa kosa la sarufi.

Eti tafsiri ilikuwa imerudishwa kwenye Kiingereza ikaonekana safi. Itakosaje? Mfasiri msomi akiona "nusu ya siku" anakisikia Kiingereza kilichojificha chini yake. Mama hana Kiingereza cha kumwokoa.

Kuna na lile swali la hamu ya kula. Bibi mmoja alinijibu, "Hamu ninayo, mjukuu wangu. Unga ndio hakuna." Hapo uandike alama gani?

Zimbabwe walianzia upande wa pili. Daktari wa magonjwa ya akili Vikram Patel na wenzake walitunga dodoso la Kishona la maswali 14, lililochapishwa 1997, wakitumia maneno ya wagonjwa wenyewe, likiwamo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Sisi nasi tunalo letu: "ana mawazo." Litamke sokoni au msikitini, hakuna atakayeuliza mawazo gani. Karatasini tunaandika "sonona", neno zuri tu, ila kila mara nalazimika kulifafanua kwa kusema… mawazo.

Msimamizi wangu analalamika kwamba naharibu dodoso, kwa kuwa siku hizi naweka mezani punje 14 za maharage. Yule mama nilimwambia kila punje ni siku moja, asogeze zile alizokosa usingizi. Akatulia, akahesabu kwa midomo, akasogeza kumi na moja.