Wanaosoma ng'ambo hawatusimulii masomo

Kila mwaka, kuanzia Oktoba hivi, wanafunzi wa mwaka wa nne huanza kubisha ofisini kwangu wakiomba barua za mapendekezo za kupeleka katika vyuo vya ng'ambo. Kabla sijaandika lolote huwauliza mambo mawili: unakwenda kusoma nini, na kwa nini umekichagua chuo hicho. La kwanza hujibiwa kwa jina la shahada, na la pili, mara nyingi mno, hujibiwa kwa jina la nchi. Nikiendelea kuwadadisi nagundua kuwa vijana hawa wana ujuzi ambao hauna budi kuheshimiwa. Wanajua kuwa mwanafunzi wa kigeni nchini Uingereza huruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, na kwamba Kanada iliongeza saa hizo hadi 24 mwishoni mwa mwaka 2024. Wanajua kuwa Ujerumani humtaka mwombaji wa viza aweke euro 11,904 katika akaunti maalumu ambayo humpa euro 992 kila mwezi. Wanajua pia kuwa serikali ya Uingereza ilitangaza mwaka 2025 nia ya kupunguza ule muda wa miaka miwili ambao mhitimu huruhusiwa kubaki akitafuta kazi. Lakini ukiwauliza semina ya huko huendeshwaje, mwanafunzi husoma kurasa ngapi kwa juma, au msimamizi wa tasnifu yao ameandika nini, hawana habari yoyote, na wengine hushangaa kwamba mtu anaweza kuuliza maswali ya namna hiyo.

Nimefikia kuamini kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu vya Nairobi wanaijua safari ya ng'ambo kwa undani lakini hawayajui masomo ya ng'ambo hata kidogo, na kwamba hali hii ina chanzo kinachoweza kuonyeshwa.

Sisemi haya ili kuwalaumu. Kijana anayesoma hapa leo ameshuhudia mihula ikikatizwa na migomo ya wahadhiri, ameingizwa katika mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023 na kupangiwa kundi la mapato ambalo familia yake haikulielewa, na nyumbani ana kaka au dada mwenye shahada ambaye bado anatuma maombi ya kazi. Mtu wa hali hiyo akihesabu saa za kibarua kabla ya kuhesabu vitabu, anapiga hesabu ya mtu mwenye akili timamu. Kinachonisumbua ni kwamba nusu ya hesabu hiyo haipo mezani pake.

Tamaa ya kwenda kusoma mbali si ngeni katika mji huu. Septemba 1959 ndege ya kukodi iliondoka Nairobi kuelekea Marekani ikiwa na wanafunzi 81, chini ya mpango uliosukumwa na mwanasiasa Tom Mboya, na katika miaka iliyofuata mamia ya wengine wakasafiri, huku mwanasiasa mwenzake Oginga Odinga naye akiwatafutia vijana nafasi katika nchi za Ulaya ya Mashariki na Urusi ya Kisovieti. Wakati huo Nairobi haikuwa na chuo kikuu kamili. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata hadhi hiyo mwaka 1970. Watu waliochanga nauli walitarajia kwamba mhandisi au mwalimu atarudi akiwa tayari kuihudumia nchi iliyokuwa inakaribia uhuru. Wangari Maathai, aliyekuja kuwa mtetezi mashuhuri wa mazingira, alikuwa mmoja wa walioondoka mwaka 1960, akasomea biolojia katika chuo kidogo cha watawa jimboni Kansas, kisha akachukua uzamili Pittsburgh. Wanafunzi wangu humtaja kama tunda la elimu ya Marekani, nao wako sahihi kwa sehemu, lakini ni wachache wanaojua kwamba shahada yake ya uzamivu aliipata hapahapa Nairobi mwaka 1971, baada ya utafiti uliompeleka pia Ujerumani. Ni wachache zaidi wanaojua kwamba aliporudi mwaka 1966 akiwa na barua ya kumwahidi kazi chuoni, alikuta kazi hiyo imeshapewa mtu mwingine. Habari za kurudi hazisimuliwi kwa bidii ile ile inayosimulia kuondoka.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Wanaokwenda leo hupelekwa na michango, na mchango una namna yake ya kumfunga mtu mdomo. Siku hizi harambee haifanyiki ukumbini tu. Hufunguliwa kundi la WhatsApp lenye jina la msafiri, nambari ya M-Pesa ya mweka hazina huwekwa juu kabisa, na kila jioni shangazi mmoja hutuma orodha mpya: jina, ahadi, kilicholipwa. Mwanafunzi mmoja alinionyesha orodha ya kwao kwenye simu yake akitaka ushauri kuhusu pengo lililobaki. Palikuwa na wajomba wa shilingi elfu kumi, majirani wa elfu moja, kikundi cha akina mama wa kanisa, na katikati yao mstari mmoja ulioandikwa hivi: "Nyanya, mbuzi wawili, watauzwa Jumamosi."

Mtu aliyesafirishwa na mbuzi wa nyanya yake hawezi kupiga simu mwezi wa tatu akasema masomo yamemlemea. Hawezi kusema chumba ni baridi, wala kwamba amelia, wala kwamba amefeli karatasi ya kwanza ya muhula. Atasema "niko salama, Mungu ni mwema," na atatuma picha akiwa mbele ya lango la chuo, au amesimama kwenye theluji akiwa na koti zito. Kundi litajaa pongezi, na binamu zake wadogo, ambao kesho ndio watakaobisha mlangoni kwangu, wataihifadhi picha hiyo. Hivyo ndivyo mtazamo wa wanafunzi wetu kuhusu elimu ya ng'ambo unavyojengwa: kutokana na habari zinazotumwa na watu wasio na uhuru wa kusema.

Mwanafunzi wangu wa zamani anayesomea uzamili katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza alinisimulia yaliyompata alipokuwa na hakika kwamba maneno yake hayatafika kwao. Katika semina yake ya kwanza walikaa watu wachache kuzunguka meza moja, na mhadhiri akamwuliza makala waliyopangiwa ina udhaifu gani. Alikuwa ameisoma yote, tena mara mbili, na angeweza kuieleza aya kwa aya. Lakini katika miaka minne ya shahada ya kwanza alikuwa amezoea kupewa muhtasari wa kuurudisha kwenye mtihani, na hakuna aliyewahi kumtaka aseme makala imekosea wapi. Alinyamaza, na wiki iliyofuata akanyamaza tena. Baadaye akaitwa kueleza kwa nini insha yake ilikuwa na ufafanuzi ulionakiliwa neno kwa neno bila kutaja chanzo, jambo ambalo huku aliliona likipita kila muhula. Usiku alikuwa akifanya zamu katika nyumba ya kutunzia wazee, na asubuhi akiingia darasani na macho mekundu. Desemba, aliniambia, jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na kuna siku ambazo hakuliona kabisa.

Lakini aliniambia pia jambo la pili, na hilo ndilo ninalotamani lisikike zaidi. Katika muhula wa pili alipata msimamizi aliyemfundisha namna ya kubishana na maandishi. Siku moja alisimama kwenye semina akaonyesha kwamba takwimu za mtafiti mmoja mashuhuri kuhusu masoko ya Afrika Mashariki hazilingani na maisha ya wauzaji wa Gikomba, ambako mama yake alifanya biashara ya mitumba kwa miaka mingi. Mhadhiri akamwomba aiandike hoja hiyo kama insha, naye akapata alama ambayo hakuwahi kuipata maishani. Nikamwuliza nyumbani walisemaje. Akasema hakuwaambia, kwa sababu hakuna aliyeuliza; wanaouliza huuliza kama amepata kazi nzuri na kama atapata karatasi za kubaki. Kwa hiyo kimya kile kinachoficha mateso kinaficha pia furaha, na furaha ya kujifunza, ambayo kwa haki ingekuwa sababu ya kwanza ya kusafiri, haimfikii kabisa anayefuata nyuma.

Nimeona tofauti kubwa kwa wale wanaokwenda muhula mmoja tu chini ya makubaliano ya vyuo, kwa mfano kupitia mpango wa Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya. Hao hurudi wakiwa wasemaji. Wanalalamika chakula, wanacheka namna walivyopotea kwenye vituo vya treni, wanaeleza jinsi maktaba inavyofanya kazi na jinsi mhadhiri alivyowajibu barua pepe siku iyo hiyo, na wanaanza kutuuliza sisi maswali magumu kuhusu mitihani yetu. Sidhani kwamba wao ni werevu kuliko wenzao. Walipewa ufadhili, walijua tarehe ya kurudi, na hakuna mbuzi aliyeuzwa. Ni wachache mno, na ni jambo la kusikitisha kwamba idara nyingi huwapokea kwa kuwauliza tu kama alama zao zitahamishwa.

Pengo linaloachwa na kimya hiki limejazwa na mawakala. Karibu kila mwezi kuna maonyesho ya vyuo vya nje katika hoteli za Westlands au katikati ya jiji, na mwanafunzi huondoka na mfuko wenye nembo, kalamu, na ahadi kwamba huduma ni bure. Ni bure kwake kwa sababu chuo humlipa wakala kamisheni kwa kila mwanafunzi anayejiandikisha. Si lazima wakala awe mwongo, lakini ni muuzaji, na sioni kwa nini ndiye awe mshauri mkuu wa uamuzi unaogharimu familia shamba. Wazazi wa Uasin Gishu walioandamana Eldoret mwaka 2023 wakidai fedha walizolipa ili watoto wao wakasome Finland na Kanada kupitia mpango wa kaunti walitosha kuwa onyo kwetu sote.

Kuna pia ule mpangilio wa nchi ambao hauandikwi popote lakini kila mwanafunzi anao kichwani. Marekani, Uingereza na Kanada ziko juu, Ujerumani inafuata kwa kuwa vyuo vingi vya umma havitozi karo, China na India ziko chini, na anayekwenda Makerere hahesabiwi kuwa amekwenda ng'ambo hata kidogo. Kipimo ni uwezekano wa kubaki. Ubora wa somo haumo, na mambo yanayoamua hatima ya mhitimu hayamo pia. Nimekutana na wanafunzi waliopania Ujerumani bila kujua kwamba shahada nyingi za kwanza huko hufundishwa kwa Kijerumani, au kwamba jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likiwatoza wanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017. Nimekutana na wanaotaka kusomea udaktari nje bila kujua kwamba wakirudi watafanya mtihani wa baraza la madaktari kabla ya kuruhusiwa kuanza mafunzo ya kazini, na kwamba shahada yoyote ya nje hupitia kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ili itambuliwe. Haya yote ni mambo ya wazi, yanapatikana bila malipo, na yangeulizwa mapema kama kurudi kungefikiriwa kuwa sehemu ya safari.

Ninachotaka kifanyike ni kidogo na hakihitaji bajeti. Idara zetu ziwaalike waliorudi, hasa wale wa muhula mmoja na wale waliorudi bila shahada, wazungumze na wanafunzi wa mwaka wa tatu kabla msimu wa maombi haujaanza, bila wakala kuwepo chumbani. Anayeniomba barua sasa namtaka aniletee orodha ya vitabu vya kozi anayoiomba, pamoja na maelezo ya mazungumzo aliyofanya na mtu mmoja anayeisoma, mtu asiyelipwa kwa kumshawishi. Wengine hukasirika, lakini wengi hurudi na maswali ambayo hawakuwa nayo, na wapo waliobadilisha chuo, na mmoja aliyeamua kubaki hapa kwa uzamili kwa sababu aligundua kwamba mtaalamu aliyemtafuta mbali anafundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Wachangaji nao wana sehemu yao. Shangazi anayetunza orodha anaweza kumwandikia msafiri, mbele ya kundi zima, kwamba ruhusa ya kusema ukweli imo ndani ya mchango, na kwamba akishindwa na karatasi ya kwanza hakuna atakayeidai pesa yake. Na wewe uliyeko Leeds, Toronto au Wuhan, ambaye picha yako ya theluji bado inazunguka kwenye simu za binamu zako, mwandikie mmoja wao barua ndefu. Mweleze darasa lako la kwanza lilikuwaje, ulisoma nini, nani alikusaidia ulipokwama, ulipata alama gani na kwa nini, kodi ya chumba inakula kiasi gani cha mshahara wa zamu zako, na ni kitu gani umekielewa huko ambacho hukukielewa ulipokuwa hapa.