Usimlaumu Mgonjwa kwa Mafuta Yaliyokwama Njiani

Mtu akipokea majibu ya damu na kuambiwa trigliseridi zake, yaani mafuta yaliyomo kwenye damu, ziko juu, swali la kwanza huwa ni hili: "Unakula nini?" Sina ugomvi na swali lenyewe. Kinachoniudhi ni kwamba mara nyingi mazungumzo huishia papo hapo, na mgonjwa anaondoka na aibu badala ya maelezo.

Mafuta ya damu hayapimwi kwa kinachoingia mdomoni peke yake. Yapo pia yanayopaswa kutoka, na kazi hiyo, kwa sehemu kubwa, ni ya kimeng'enya kimoja, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemia mwilini: lipoproteini lipasi. Kimeng'enya hiki hakizunguki na damu. Kimejishikiza kwenye ukuta wa ndani wa mishipa midogo kabisa, ile inayopenya kwenye misuli, moyo na tishu za mafuta. Kilomikroni, yaani chembe zinazobeba mafuta ya chakula kutoka utumboni, zikipita hapo hunaswa. Trigliseridi zilizomo hukatwakatwa kuwa asidi za mafuta, nazo seli za jirani huzichukua: msuli huzichoma, tishu ya mafuta huziweka akiba.

Mwaka 1943 mtafiti Paul Hahn aliwadunga heparini, dawa inayozuia damu kuganda, mbwa ambao damu yao ilikuwa na ukungu wa mafuta baada ya kula, na ukungu ule ukatoweka. Leo tunajua sababu: heparini hukibandua kimeng'enya kutoka ukutani na kukiachia ndani ya damu.

Mwili hukipangia zamu, na hapa ndipo ninapostaajabu kila mara. Ukishakula, insulini hukichochea kwenye tishu za mafuta. Ukikaa na njaa, kazi hupungua huko na kuongezeka moyoni na misulini. Msuli unaofanya kazi hukiongeza; usiotumika hukipoteza. Ndiyo maana mwenye kisukari kisichodhibitiwa anaweza kuwa na trigliseridi nyingi hata akijinyima, na ndiyo maana ushauri wa kutembea kila siku una mantiki ya kibiolojia ambayo mgonjwa ana haki ya kuelezwa.

Wako pia waliozaliwa bila kimeng'enya hiki, au nacho kikiwa hakifanyi kazi, kwa kurithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama. Ni wachache sana, mmoja au wawili katika kila watu milioni. Kiwango cha kawaida cha trigliseridi ni chini ya miligramu 150 kwa desilita. Chao hupita 1000, na damu huwa nyeupe kama maziwa. Hatari yao kubwa ni kuvimba kwa kongosho, maumivu makali ya tumbo yanayoweza kuua. Na kwa kuwa pombe nayo huvimbisha kongosho, baadhi yao hushukiwa ulevi, hata walio watoto wa juzi tu wasiojua ladha yake. Huo ni uonevu juu ya ugonjwa.

Tiba yao imekuwa na historia ya kusikitisha. Mwaka 2012 Umoja wa Ulaya uliidhinisha Glybera, tiba ya jeni iliyopeleka nakala nzima ya jeni hiyo kwenye misuli. Ilikuwa tiba ya kwanza ya jeni kuidhinishwa huko. Bei yake ilikuwa karibu euro milioni 1, na mwaka 2017 ikaondolewa sokoni. Sayansi ilifika; mgonjwa hakufikiwa. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha olezarsen, dawa ya sindano inayopunguza protini iitwayo apo C-III, ambayo huzuia mafuta yasiondoke kwenye damu. Natamani isipite njia ileile.

Lakini kabla ya dawa ghali kuna jambo lisilogharimu kitu. Mgonjwa anayelazwa kwa kongosho mara ya pili, mara ya tatu, huku akiapa kwamba hanywi, aaminiwe kwanza. Damu yake ichukuliwe, na majimaji ya damu hiyo yaachwe kwenye jokofu usiku kucha. Kilomikroni zikiwa zimejaa, asubuhi zitakuwa zimepanda juu na kutanda kama malai.