Baba yuko baa, mama yuko wodini

Kinachonikera kila ninapokwenda kumjulia hali mzazi hospitalini ni kuambiwa kwamba baba wa mtoto "amekwenda kupongezwa", maneno ambayo sote tunajua maana yake ni meza iliyojaa chupa za bia, ilhali mkewe amelala wodini na mshono mbichi, akisubiri mtu wa kumletea mtori, chupa ya chai na kanga safi. Mwaka jana nilikesha na mdogo wangu aliyejifungua kwa upasuaji. Usiku ilihitajika dawa ya kununuliwa nje, simu ya shemeji ikaita bila kupokelewa, na fedha zote alikuwa nazo yeye. Nilikopeshwa na mama wa kitanda cha jirani, mtu ambaye hata jina lake sikulijua.

Saa 24 za kwanza ndizo zenye hatari kubwa ya mama kuvuja damu, na ndizo ambazo baba anapaswa kupatikana. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba likizo yenye malipo isiyopungua siku 3, ichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Siku hizo ni chache mno, na inaniuma kuona ya kwanza ikiishia baa na ya pili kitandani kwa uchovu wa pombe. Marafiki wanaotaka kumpongeza wampe fedha hizo za bia, anunue nyama na ndizi za mtori.