Dawa imemkubali, lakini kilo nazo?

Mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, aliyekuwa akizurura usiku, halali wala hali, akianza dawa na mashavu yakajaa, watu wa nyumbani husema dawa imemkubali. Wana haki ya kufurahi. Huku Mtwara na Lindi kukonda ndiko kunakotia hofu, unene hautishi mtu. Shida ni kwamba mwili unaorudishiwa kilichopotea na mwili unaonenepeshwa na dawa vinafanana kwa macho. Kinachovitenganisha ni uzito ulioandikwa kwenye daftari la kliniki siku ya kwanza, na mara nyingi hapo pameachwa wazi.

Hatari yenyewe si ya kubuni. Shirika la Afya Duniani linasema wenye magonjwa makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 kabla ya wenzao, na sehemu kubwa ya vifo hivyo inatokana na maradhi ya mwili, yakiwemo ya moyo. Kati ya dawa za ugonjwa huu, olanzapini na klozapini ndizo zinazonenepesha zaidi. Kloropromazini na risperidoni zinafuata, haloperidoli ina nafuu. Dawa hizi huziba vipokezi vya histamini na serotonini, kemikali za kupeleka ujumbe kwenye ubongo, njaa ikapanda na shibe ikachelewa. Mgonjwa amemaliza ugali wake, nusu saa haijapita anafunua sufuria. Kumwita mlafi ni kumwonea.

Basi dawa ibadilishwe? Hapa hoja zinagongana kwelikweli. Utafiti wa Marekani uitwao CATIE, uliotolewa 2005, uliona waliopewa olanzapini wakiongezeka karibu kilo 0.9 kila mwezi. Lakini haohao ndio walioacha dawa kwa uchache zaidi: asilimia 64 katika miezi 18, wakati kwenye dawa nyingine ilikuwa 74 hadi 82. Ukimhamishia mgonjwa kwenye haloperidoli unaweza kuokoa kiuno ukamletea mikono inayotetemeka na mwili uliokakamaa, naye akaitupa dawa. Kule Finland, uchambuzi wa 2009 ulikuta wagonjwa wasiotumia dawa yoyote ya aina hii wakifa zaidi kuliko wanaotumia, na waliokuwa kwenye klozapini, pamoja na unene wake wote, wakifa kwa uchache zaidi. Kwa hiyo kuacha dawa ghafla kwa ajili ya kitambi ni kosa. Kubadilisha kunafaa pale ambapo uzito unapanda haraka na ugonjwa umetulia, na kufanywe na daktari taratibu, dawa ya zamani ikipunguzwa kwa wiki kadhaa huku mpya ikiongezwa.

Msimamo wetu ni kwamba kazi ianze kabla kilo hazijaingia. Mgonjwa apimwe siku anayoanza dawa, kisha wiki ya 4, ya 8 na ya 12, halafu kila miezi mitatu. Sukari na presha zipimwe mwanzoni, wiki ya 12, na kila mwaka. Mizani iwekwe kwenye sakafu ngumu, mshale ukiwa sifuri. Viatu vivuliwe, simu na funguo zitoke mfukoni, kitenge cha juu kiwekwe pembeni. Mizani ya zahanati ya kijijini na ile ya hospitali ya Ligula au Ndanda zinaweza kupishana kilo nzima, kwa hiyo itumike ileile. Kiuno kipimwe kwa futi kamba kama ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, mgonjwa akiwa ametoa pumzi. Kwa mwanamke sentimita 80 ni onyo, kwa mwanamume 94. Mwenye kilo 60 akiongezeka 3, yaani asilimia 5, mpango wa matibabu uangaliwe upya. Anayepokea sindano ya mwezi apimwe siku hiyohiyo, maana ameshafika.

Upande wa chakula, ushauri wa "punguza kula" haufui dafu mbele ya njaa ya dawa. Kinachosaidia ni kubadilisha kilichopo karibu. Kloropromazini, amitriptilini (ya sonona) na benzeksoli (ya kutuliza mitetemo) hukausha mdomo, na mgonjwa hukimbilia soda. Chupa ya mililita 350 ina karibu gramu 35 za sukari, yaani vijiko vidogo vinane au tisa. Awe na chupa ya maji muda wote. Kunde, mbaazi, samaki na kisamvu vijaze nusu ya sahani, ugali wa muhogo upungue, na tui la nazi liwe jepesi. Matembezi yawe asubuhi au saa kumi na moja jioni, kwa kuwa baadhi ya dawa hizi hudhoofisha mwili kupambana na joto, na kloropromazini hufanya ngozi iungue upesi. Kumpeleka kupalilia mikorosho saa saba mchana ati apungue ni hatari.

Je, mafunzo ya chakula na mazoezi yanatosha? Mpango wa Marekani uitwao ACHIEVE, wa 2013, ulikuwa na vikao vya mara kwa mara na mazoezi ya pamoja, na baada ya miezi 18 washiriki walikuwa wamepungua kilo 3.2 zaidi ya wenzao. STEPWISE ya Uingereza, 2018, yenye vikao vichache, haikuleta tofauti. Semina ya siku moja, kwa hiyo, ni posho tu.

Imebaki metformini, dawa ya kisukari. Hupunguza kilo 3 hivi kwa wastani, na hufanya kazi vizuri ikianza mapema. Wanaoipinga wanasema ni kidonge juu ya vidonge, na si uongo. Daktari akiiandika, huanza na miligramu 500 pamoja na chakula cha jioni, ikiongezwa polepole ili tumbo lisichafuke. Figo zipimwe kwanza. Akiharisha au kutapika sana, aisimamishe na arudi kliniki. Na msimu wa mabibo aulizwe waziwazi kama anakunywa uraka au gongo, kwa sababu pombe nyingi pamoja na metformini huweza kujaza asidi kwenye damu.