Lumumba aliuawa kwetu

Tarehe 17 Januari hapa Lubumbashi ni siku ya mapumziko, ya kumkumbuka Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Redio zinarudia ile hotuba yake ya siku ya uhuru, 30 Juni 1960, na vijana wanaweka picha ya Lumumba kwenye simu zao: miwani, ndevu fupi, nywele zilizopasuliwa njia upande mmoja. Mwaka huu nilimuuliza mtoto wa dada yangu, aliye darasa la sita, Lumumba alifia wapi. Akajibu bila kusita: "Kinshasa, mjomba." Na sisi hapa tunapoishi, mpaka mahali penyewe ni kama saa moja kwa gari.

Sikumlaumu mtoto. Nani alimwambia? Jina la Lumumba limeenea duniani: lina chuo kikuu Moscow, lina mitaa katika miji mingi ya Afrika, na kwenye Kombe la Afrika kule Moroko shabiki wetu mmoja alisimama mechi nzima mkono juu, kimya kama sanamu, watu wote wakajua anamwiga nani. Lakini katika mji ambao damu yake ilimwagika karibu nao, tunalisema jina hilo kama habari ya watu wa mbali.

Jioni ya 17 Januari 1961 ndege ilitua Luano, uwanja wa ndege wa mji wetu, ikiwa na wafungwa watatu waliopigwa njia nzima: Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Wakapelekwa Villa Brouwez, nyumba ya Mbelgiji mmoja upande wa uwanja wa ndege, wakapigwa tena. Usiku uleule magari yakawachukua njia ya Likasi, kama kilomita 50, hadi porini Shilatembo. Okito alipigwa risasi wa kwanza, akafuata Mpolo, mwisho Lumumba. Maofisa wa Kibelgiji walikuwepo, ndiyo. Lakini waliofyatua bunduki walikuwa askari wa Katanga, jimbo letu lililokuwa limejitenga na Kongo, na rais wake Tshombe na baadhi ya mawaziri wake walikuwa wamesimama pale wakitazama.

Kipande hicho cha mwisho ndicho tunachokiruka. Ukikaa na watu wakizungumza habari hii, utasikia "Wabeleji walimuua", "Wamarekani walimuua". Ubelgiji yenyewe ilikiri sehemu yake ya lawama mwaka 2002 na kuomba radhi. Sisi je? Sanamu ya Tshombe iko katikati ya mji, karibu na posta, na watu wengi wanaiheshimu kwa moyo wote. Sisemi ing'olewe. Tshombe alipendwa na bado anapendwa, na sababu za watu nazijua. Ninachotaka ni kwamba mtoto anayepita pale ajue mambo yote mawili.

Nkambo wangu, yaani babu, alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya madini. Tarehe 13 Februari 1961 Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, alitangaza kwamba wafungwa walitoroka na wanakijiji wamewaua. Nkambo alinisimulia kwamba kule kambini kwao hakuna aliyeamini, na hakuna aliyefungua mdomo. Bibi alizima redio, akaendelea kusonga bukari. Ukimya ule wa jikoni, kwa maoni yangu, haujaisha. Tumeurithi.

Kuna ukimya mwingine ambao wapenzi wa Lumumba, nami nikiwemo, tunautunza. Hapa mjini zipo familia nyingi za Kasai. Agosti 1960 jeshi la serikali lilitumwa kupigana na Kasai ya Kusini, iliyokuwa nayo imejitenga, likaua raia wengi Bakwanga, leo Mbuji-Mayi. Lumumba ndiye aliyekuwa waziri mkuu. Mama mmoja jirani yetu hajawahi kuiweka picha yake ukutani, na namuelewa. Mtu aliyeongoza serikali kwa miezi miwili na siku chache, nchi ikimvunjikia mikononi, hawezi kuwa malaika. Namheshimu zaidi nikimjua hivyo, mtu aliyekuwa na umri wa miaka 35 tu, kuliko nikimfanya mtakatifu wa kubandikwa kwenye fulana.

Waliomuua walitaka asiwe na kaburi. Maiti zilifukuliwa, zikakatwakatwa, zikayeyushwa kwa asidi. Polisi mmoja Mbelgiji akabaki na jino, na jino hilo lilirudishwa mwaka 2022, likapitishwa Onalua alikozaliwa, Kisangani, Shilatembo na mji wetu, kisha likazikwa Kinshasa. Nilikuwa barabarani siku lilipopita. Wazee walivua kofia. Mwanamke mmoja pembeni yangu, kitenge kimemkaza kiunoni, alilia kama anayemzika kaka yake wa tumbo moja.

Baada ya lile jibu la "Kinshasa", nilimchukua mtoto tukaenda Shilatembo. Ni porini, miti, vichuguu na upepo. Nilimsimulia yote, nikamtajia na wale wawili: Mpolo aliyekuwa waziri wa vijana, Okito aliyekuwa makamu wa rais wa Seneti. Alikuwa hajawahi kuyasikia majina hayo. Alikaa kimya kidogo, akazunguka kichuguu kimoja, akaniuliza, "Sasa mjomba, na hawa meno yao yako wapi?"

Nikamwambia kwamba hao hawakurudishiwa kitu. Mwakani nitarudi na watoto wote wa lupango letu, yaani kiwanja tunachoishi, na yeye ndiye atakayewasimulia.